Jiwe la Upande Wangu

Mkwe wangu Sharifu ana adabu mpaka inaudhi. Akija kwangu Sindeni hupiga hodi akiwa bado kwenye njia ya mbaazi, mbali na uwanja, ili nipate muda wa kujifunga kanga vizuri na kuingia ndani. Kisha husimama upande wa pili wa ukuta wa jiko na kuniamkia, nami humwitikia huku nikikoroga ninachokoroga. Tangu amwoe binti yangu Munira hatujawahi kutazamana machoni, hatujala sahani moja, na ndani ya nyumba yangu hajavuka mkeka wa wageni. Ndivyo tulivyofundishwa kumheshimu mkwe. Najua siku hizi wako watu wanaopanda bodaboda moja na wakwe zao, mama mtu mzima kamshika kijana kiuno. Wapande. Mimi sikulelewa hivyo.

Sharifu ni Msambaa wa Vugiri, milimani Korogwe, na kazi yake ni mawe. Kayasomea. Ofisi yao ilimleta kuchimba kwenye korongo lililo nyuma ya mashamba yetu, mahali ambapo ukingo mzima ni mabamba meusi membamba yaliyolaliana, unayabandua kwa ncha ya kisu kama chapati iliyokunjwa vizuri. Alipiga hema huko msimu wa kwanza, akamwona Munira, kwa hiyo siwezi kusema alitoka mikono mitupu. Lakini kile alichotumwa hakukipata, si msimu huo wala uliofuata. Sasa wakubwa wake walikuwa wamechoka. Walimwambia mwezi ukiisha bila kitu, hema likunjwe. Na tayari kulikuwa na mgodi kule Geita uliokuwa unamtaka.

Geita. Ukitaka kujua Geita iko wapi, panda basi pale Kabuku alfajiri, lala, amka, lala tena, halafu uulize kama mmefika. Utaambiwa bado. Huko ndiko angekwenda na Munira wangu, na mjukuu wangu wa kwanza ambaye Munira alikuwa amekuja kumzalia kwangu. Akipata anachotafuta, ofisi ingempa chumba cha kazi Korogwe, na kutoka Korogwe mtu anaweza kuja Sindeni kula mchana akarudi kwake jua halijazama. Hilo ndilo lililokuwa likinikaba wakati wote ule.

Mjukuu alikuwa wa kiume, akapewa jina la marehemu mume wangu, Isihaka. Kwetu jina halitolewi bure. Mimi namwita mume wangu, namsemesha kwa wivu, namuuliza jana alilala kwa nani. Wifi yangu Mwaija, dada yake marehemu, aliyehamia kwangu kumlea mzazi mpaka arobaini itimie, anamwita kaka. Humwamkia kila asubuhi kabla hata ya kunawa uso. "Shikamoo kaka." Mtoto hujibu kwa kucheua maziwa. Mwaija ni mlinzi wa mila zote za ukoo, ana mdomo usio na breki, na kwa kuwa ni wifi na ni mtani ana ruhusa ya kunisema mbele za watu. Ruhusa hiyo haachi ilale.

Watu wa Sindeni nao hawakumwacha Sharifu ahangaike peke yake. Walisikia anatafuta viumbe wa zamani, wakamsaidia kwa moyo mmoja. Kila aliyepita korongoni alimpelekea mfupa. Jirani yetu Sadala alimbebea taya zima la ng'ombe ambaye alimjua kwa jina. Sharifu alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaipanga mifupa ile mbele ya hema kama mtu anayetaka kuiuza. Mimi sikuuliza. Mama mkwe haulizi.

Mpaka asubuhi moja nilipokuwa nakoroga uji wa pilipili manga wa mzazi, na Munira amekaa kwenye kigoda ananyonyesha.

"Mwenzio kaamkaje?" nilimuuliza.

"Ana mawazo, mama. Jana kapata jani."

"Jani?"

"Jani zuri, lina mpaka mishipa. Lakini ni jani."

"Na mifupa yote ile anayopelekewa?"

Munira alicheka mpaka mtoto akaachia titi. "Mama, hatafuti mifupa. Mfupa ni mgumu, unadumu wenyewe. Yeye anatafuta wale wasio na mfupa hata mmoja."

Nikamwambia kitu kisicho na mfupa kikifa kinaoza, na kulijua hilo hakuhitaji chuo.

"Ndiyo maana ni adimu," alisema. "Hapa palikuwa ziwa, mama, zamani ile ambayo hata mijusi wakubwa walikuwa hawajakuja. Tope la chini kabisa halikuwa na hewa. Kilichokufa kikazama mle hakikuwahi kuoza. Tope lingine likakifunika, likagandamana mpaka likawa jiwe. Ukilibandua unaikuta ngozi, macho, hata utumbo, vimebaki kama vimechorwa kwa mkaa. Wenyewe wanaita kisukuku. Kwingine duniani wameshawapata wa namna hiyo, na yeye anaamini hata hapa wapo. Anataka mmoja tu. Kadudu fulani kama jongoo, lakini kana mapezi ubavuni, na macho yake yako juu ya vijiti."

Mwiko wangu ulisimama katikati ya sufuria. Huyo jongoo nilikuwa namjua. Nilikuwa nimelala naye chumba kimoja tangu ujana wangu.

Tulipojenga nyumba hii, wenzetu walikuwa wanajinyima wapate sakafu ya saruji. Isihaka wangu alisema saruji tupu haina sura. Alikwenda korongoni na baiskeli akarudi na mabamba, moja moja, akayapanga chumba kwa chumba na kuyajengea. Siku alipofikia chumba chetu cha kulala alileta bamba nene kuliko yote. Akaligonga ubavuni kwa panga, likafunguka vipande viwili kama ganda la mbaazi, na kila upande ulikuwa na mdudu yuleyule, huku anaelekea kulia, huku anaelekea kushoto. Mtu mzima alikuja mbio uani kuniita. Akayalaza yale mawe pande mbili za kitanda, moja pale ambapo miguu yake ingeshukia asubuhi, moja pale ambapo ingeshukia yangu.

Mimi nilitazama langu, nalo likanitazama. Nikasema sikanyagi kitu chenye macho.

"Amekufa huyo," alisema Isihaka.

"Mbona ananiangalia?"

Tulibishana mpaka chakula kikapoa. Mwishowe akalishika jiwe langu, akaligeuza kifudifudi, ukabaki mgongo mtupu. "Siku ukibadili moyo niambie," alisema, "nitaligeuza." Nikamjibu asubiri sana. La kwake aliliacha lilivyo. Upande ule alikuwa anaupiga deki mwenyewe, maana mimi sikutaka kukutana na yale macho, na maisha yetu yote, kila alipoteremka kitandani asubuhi, alimsalimia mdudu wake: "Umeamkaje, bwana?" Alipofariki nilitandika jamvi juu ya jiwe lile na sikulifunua tena. Munira hakuwahi kumwona huyo bwana. Mtoto akishapata akili haingii chumbani kwa wazazi.

Nilipomwambia, alinikabidhi mtoto na kuingia chumbani na simu. Alifunua jamvi, akamwaga maji juu ya jiwe, akapiga picha, akaenda mpaka kwenye mbaazi kutafuta mtandao, akaituma. Uji haujapoa tukasikia hodi. Safari hii Sharifu alikuwa amekimbia.

"Shikamoo mama," alisema nyuma ya ukuta, akihema.

"Marahaba. Pumua kwanza."

"Munira, picha ni giza tupu. Naona kama mafuta yamemwagika. Huenda ni yeye, huenda ni doa. Inabidi nilione mwenyewe, kwa lenzi, na mwanga upite ubavuni."

Mwaija, aliyekuwa anapepeta mchele, aliuacha ungo hewani.

"Ulione?" alisema. "Liko chumbani kwa mkweo. Kando ya kitanda cha mkweo."



"Basi, shangazi," Sharifu akasema. "Nisamehe mama, sikujua ni chumbani. Haiwezekani." Tukasikia viatu vyake vikirudi kinyumenyume mpaka kwenye mbaazi. Kijana alikuwa radhi aende Geita kuliko kukanyaga chumba changu. Hapo ndipo nilipompenda kabisa, na hapo ndipo nilipotamani kumzaba kibao.

Tulijaribu njia nyingine. Mkubwa wake Sharifu ni mwanamke, Daktari Loyce, naye angeweza kuingia bila neno, lakini alikuwa nje ya nchi na asingerudi kabla ya hema kukunjwa. Sadala alikuja na mtaimbo, akasema jiwe ni jiwe tu, atalitoa. Nilimfukuza na mtaimbo wake. Jiwe linalobanduka kwa kisu, lililojengewa na mtu asiyelipua kazi, ukilipiga mtaimbo utazoa vipande kwa ufagio. Tena lile ni la Isihaka. Mwaija kwa upande wake hakushauri kitu. Alinionya tu kwamba mkwe akivuka mlango ule yeye atalitangaza mpaka Kabuku.

"Utalitangaza hata asipovuka," nikamjibu.

Siku zikaenda. Mgodi ukapiga simu tena. Asubuhi iliyofuata nilimkuta Munira anakunja nepi na kuzipanga kwenye begi, na alipoona nimemwona akajifanya anatafuta soksi. Nilitoka nje nikakata kuni ambazo hazikuwa na haja ya kukatwa. Nilikuwa na hasira na Geita, na Sharifu, na mila, na mimi mwenyewe niliyeishika mila, na kila kisiki kilipata haki yake.

Niliporudi ndani Mwaija alikuwa anamwogesha mtoto kwenye beseni. "Nisamehe kaka," alikuwa anamwambia, "leo nyumba yako sijaifagia. Usinigombeze, mgongo unanisumbua. Nyumba yako nitaifagia mchana."

Nikaweka shoka chini.

"Wifi," nilisema, "huyo unayemwomba radhi ni nani?"

"Kaka yangu."

"Kweli, au unajichekesha?"

"Jina la kaka, paji la kaka, hata kununa anapochelewa kula ni kwa kaka. We vipi?"

"Na nyumba hii ya nani?"

"Ya kaka. Wewe umeolewa hapa."

"Na chumba kile?"

Mwaija si mjinga. Alianza kuunusa mtego, lakini mguu ulikuwa umeshaingia. "Cha kaka," alisema polepole.

"Basi kaka yako ana mgeni. Anataka kumwonyesha jiwe alilolipanga mwenyewe. Mimi mke tu, nitamkatalia mume wangu mgeni?"

"Hajira, we mwanamke."

"Siku zote unasema asiyekuwepo na lake halipo. Sasa huyu yupo. Kajaa beseni zima."

Alinitazama, akamtazama mtoto, akanitazama mimi tena. Nilijua akili yake inazunguka ukoo mzima kutafuta babu au shangazi wa kunipinga naye. Hakumpata. Akaanza kucheka, akacheka mpaka maji ya beseni yakamwagika, na mtoto akanuna kwa namna ambayo, nakiri, ilikuwa ya marehemu mtupu.

"Lakini wewe utoke," alisema alipopata pumzi. "Hukai chumba kimoja na mkweo, hata kaka akiamuru."

"Nitakaa nje ya dirisha, nimeupa ukuta mgongo."

"Na mimi nitakaa mlangoni."

"Nilijua hutakosa."

Sharifu aliitwa. Alikataa mara ya kwanza, akakataa mara ya pili. Munira akamwekea mtoto mikononi na kumwambia, "Anayeingia ni mwenye nyumba. Wewe umembeba tu." Nikiwa nje ya dirisha, uso kwenye mpapai, nilimsikia akivua viatu na kusema bismillahi kwa sauti kubwa kama mtu anayevuka mto uliofurika.

"Karibu kwako kaka," Mwaija alisema ndani. Kitanda kikalia kidogo. Mtoto alikuwa amelazwa mahali pake.

"Mume wangu," nikaita kupitia dirishani, "mwambie mgeni wako aanze upande wa ukutani, chini ya jamvi."

"Kaka anasema..."

"Nimesikia, shangazi."

Nilisikia jamvi likikunjwa, maji yakimiminwa, magoti yakishuka, kisha tumbo. Mtoto alikuwa akijinyonya ngumi. Munira alikuwa amesimama karibu yangu, amenishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi.

"Ni yeye," Sharifu alisema. "Ni yeye kabisa. Lakini, mwenye nyumba, mwambie bibi jiwe limelika. Jicho moja lipo, na mapezi ya mkiani. Katikati palipokuwa na mwili pamesuguka pote. Kwa hiki hawataniamini. Watasema ni doa lenye jicho."

Nilijua kilichomla. Kisigino cha kulia cha Isihaka. Alikuwa na visigino ambavyo hata jiwe la kusugulia miguu liliviogopa, na kila asubuhi alivishusha palepale, akamsalimia bwana wake na kumla kidogokidogo. Nilicheka. Kisha kicheko kikanikwama, maana Geita ilikuwa imerudi.

"Mawe ya hivi hufunguka pande mbili," Sharifu akaendelea, taratibu, kama anayeogopa jibu, "na picha hubaki huku na huku. Mwenye nyumba, muulize bibi upande wa pili ulikwenda wapi."

"Uko hapohapo," nilisema, nikasahau hata kupitia kwa mume wangu. "Upande ninaoshukia mimi. Kifudifudi. Lakini sakafu yote imejengewa saruji. Ukiling'oa litachanika."

Nilimsikia akizunguka kitanda. Akagonga kwa kiungo cha kidole, jiwe moja, jiwe jingine, akarudia.

"Hili halina saruji," alisema. "Linalia tofauti. Mengine yote yamejengewa, hili limelazwa tu juu ya mchanga. Kingo zimezibwa kwa udongo wa mfinyanzi. Shangazi, naomba umulike huku chini ya kitanda. Udongo umebonyezwa kwa kidole gumba. Alama zake ziko kingo zote."

Mwaija aliinama akamulika, akaziona.

Nililielewa polepole, nimesimama pale nautazama mpapai. Siku ukibadili moyo niambie, nitaligeuza. Nilidhani ni maneno ya kumaliza ugomvi. Kumbe mtu alipanda baiskeli akaenda kuchota mchanga mtoni, akalitandikia jiwe langu, akaziba kingo kwa udongo unaotoka kwa kucha, ili siku nitakaposema neno asihangaike na tindo. Na hakunikumbusha hata mara moja. Kila asubuhi aliteremka upande wake akasalimia, mimi nikateremka wangu juu ya mgongo mtupu, tukaenda shamba. Nilimpenda mume wangu alipokuwa hai, sikatai, lakini asubuhi ile nilimpenda upya na hayupo, na iliniuma sana.

Sijui nilifikaje chumbani. Mwaija anasema nilimsukuma mlangoni. Sharifu aliponiona aligeuka haraka akatazama ukuta, paji la uso limegusa tofali.

"Geuka," nikamwambia.

"Mama..."

"Sharifu, geuka ushike huko. Peke yangu sitaliweza."

Sikuwahi kumwita kwa jina. Aligeuka bila kupandisha macho juu ya mikono yangu. Tukautoa udongo kwa kucha, yeye kule, mimi huku. Kipande kimoja chenye alama ya gumba kilitoka kizima, nikakifunga kwenye pindo la kanga. Halafu nikamtazama mume wangu, kalala chali katikati ya kitanda, ngumi mdomoni.

"Haya," nilimwambia. "Nimebadili moyo."

Jiwe liliinuka kwa urahisi, kama kifuniko. Tukaligeuza, tukalilaza juu ya jamvi. Uso wake ulikuwa umeganda mchanga, nikanyanyua ncha ya kanga niupanguse, maana mtu hatolewi mbele ya wageni akiwa mchafu.

"Usifute," Sharifu alifoka.

Kisha akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Alikuwa amemfokea mama mkwe wake, tena chumbani kwake, kando ya kitanda chake. Mlangoni Mwaija alitoa mguno wa raha ambao sijawahi kuusikia kwake hata harusini.

"Sawa, mwalimu," nikasema, nikaiteremsha kanga.

Alitoa brashi laini mfukoni, akapuliza, akapangusa, akadondosha maji kwa pamba, tone hapa, tone pale. Yalianza kutokea macho, yote mawili, kila moja juu ya kijiti chake. Yakafuata mapezi, safu huku na safu huku, membamba kiasi cha kudhani yatatikisika. Halafu utumbo, mstari mweusi kutoka mdomoni mpaka mkiani, na katikati ya mstari huo chembechembe ndogo zimejikusanya.

"Hizo nini?" niliuliza.

"Chakula chake cha mwisho, mama. Hakikuwahi kusagika."

"Kwa hiyo alikufa ameshiba."

"Alikufa ameshiba."

"Afadhali," nikasema. Nilipoinua uso nikaona Sharifu analia, mtu mzima wa watu, anajikinga kwa kiwiko machozi yasidondokee jiwe. Nikampa ile ncha ya kanga aliyonikataza kuitumia. Aliipokea. Tukatazamana, mara moja tu. Ana macho mazuri, huyu kijana, na sasa najua mjukuu wangu kayatoa wapi.

Mtoto akachagua wakati huo kupiga kelele.

"Kaka anasema mgeni atoke," Mwaija akatangaza. "Mwenye chumba anataka kunyonya."

Mwaija aliapa kwamba neno halitavuka uwanja. Kabla ya alasiri kutimia Sadala aliulizwa habari zile na dereva wa lori kule Kabuku. Lakini namsifu kwa jambo moja: alivyolisimulia, hakuna mkwe aliyeingia chumbani kwa mtu. Kaka yake alipata mgeni, basi.

Jiwe lilisafiri kwenda Korogwe limeviringishwa blanketi, Sharifu kalipakata mwenyewe kwenye basi, na konda alipotaka kulitupa kwenye buti alijibiwa kwa ukali ambao Munira anasema hajawahi kuuona kwake. Daktari Loyce aliporudi alikuja mpaka Sindeni kunisalimia, akala ugali wa bada, ule wa unga wa muhogo, na kisamvu, akaomba aongezwe. Mgodi wa Geita ulipewa jibu lake. Munira na mumewe wanakaa Korogwe sasa, na kila Ijumaa wanakuja. Sharifu anakula sebuleni kwenye mkeka wa wageni, mimi nakula jikoni. Bado anapiga hodi akiwa kwenye mbaazi, na mimi bado namwitikia nyuma ya ukuta. Yale ya siku ile yalikuwa ya Isihaka na mgeni wake, hayatuhusu.

Mara moja tu alimtuma Munira kuniuliza, kwa adabu yake ileile, kama ofisi inaweza kuja kulitoa na lile la pili, maana yakiwa pamoja yana faida zaidi. Nilimrudishia jibu kwamba wamepewa lenye tumbo, waridhike.

Sadala alitaka kuliziba lile shimo la upande wangu kwa saruji. Nikamwambia aliache. Nimelitandika jamvi, na sasa nalala upande wa Isihaka. Jiwe lake limezama kidogo pale katikati, kadiri ya kisigino chake, na changu kinaenea kikabaki na nafasi. Asubuhi nateremsha miguu, mdudu ananitazama kwa lile jicho moja aliloachiwa. Namwambia, "Umeamkaje, bwana?" kisha namkanyaga.